Perdiem ni hela ya nini hasa? Ya kulala, ya kula, au ya kurudi nayo nyumbani?

Mhasibu wa Samora (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar, ofisi iko mjini, mwaka wa kumi na moja huu. Karatasi nyingi zinapita mezani kwangu lakini hakuna inayoleta maneno kama fomu ya safari. Mwezi uliopita limetokea jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani, ndiyo maana nimekuja kuliweka hapa.

Dereva wetu mmoja, mtu mzima mwenye familia, aliwapeleka maofisa Dodoma kwa siku nne. Kabla ya kuondoka alichukua perdiem yake, akahesabu, akasaini. Siku ya tatu asubuhi ofisa mmoja akanitumia picha. Gari letu limeegeshwa nyuma ya gesti walikolala wenzake, kiti cha mbele kimelazwa mpaka mwisho, shati la kazi limetundikwa kwenye kioo cha kuangalizia nyuma, na juu ya dashibodi kuna mswaki na chupa ya maji. Alikuwa analala humo, usiku wa pili huo.

Siku ya kurudi, njia ya kilomita kama 450, walipokaribia Chalinze akasinzia kwenye usukani. Gari likatoka nje ya lami, likafyeka nyasi, akashtuka akalirudisha barabarani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila nikikumbuka kwamba mle ndani walikuwemo watu wanne wenye watoto nyumbani, mwili unanisisimka hadi leo.

Basi wakaja mezani kwangu wote wawili, bosi na dereva. Bosi anasema hukulala hoteli, hela ya kulala irudi, la sivyo nakata kwenye mshahara. Dereva anasema nilisaini, posho ni yangu, nitakavyoitumia ni juu yangu. Nikawasikiliza, nikaona wanagombania neno ambalo hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake, na aliyepaswa kuwaeleza ni mimi.

Perdiem ni maneno ya Kilatini yaliyoshikana, maana yake "kwa siku". Ni kiwango kilichopangwa kwa kila siku unayokuwa nje ya kituo chako cha kazi kwa shughuli za mwajiri, kikusaidie pa kulala, chakula na gharama ndogondogo za huko uliko. Serikalini wanaiita posho ya kujikimu, na kwangu mimi jina hilo linaeleza vizuri kuliko la Kilatini. Ujikimu, yaani ule, uoge, ulale, kesho uamke mzima ufanye kazi iliyokupeleka.

Nauli na mafuta havimo humo. Wengi pia wanaichanganya na masurufu. Masurufu ni fungu unalokabidhiwa kwa ajili ya shughuli yenyewe, iwe mafuta, ushuru wa maegesho au kodi ya ukumbi, na ukirudi unayarejesha: risiti huku, chenji huku. Perdiem ya kiwango maalumu hairejeshwi namna hiyo. Ushahidi wake ni kwamba ulisafiri kweli na siku ulizokaa ni hizo. Kwa maana hiyo dereva alikuwa na hoja. Lakini ziko ofisi zinazolipa gharama halisi: unaleta risiti ya EFD, unalipwa kilichoandikwa, basi. Ingekuwa hivyo, bosi ndiye angekuwa na hoja.

Sasa fomu yetu sisi juu imeandika "perdiem", na chini kabisa kwa herufi ndogo "ambatisha risiti ya malazi". Mambo mawili yasiyokaa pamoja, kwenye karatasi moja, na nimeipitisha miaka yote hiyo.

Kwenu perdiem inaeleweka vipi? Na mngekuwa mnaamua nyinyi, dereva arudishe au asirudishe?

Naomba kuwasilisha.

Mapokezi Sinza

Dada asante kwa uzi. Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya kawaida tu huku Sinza, wageni wetu wengi ni wa mikoani wanaokuja Dar kikazi, kwa hiyo fomu za safari nazijua kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza niseme kinachoniumiza. Mgeni analala usiku mmoja, anaomba nimwandikie tatu. Namwambia kaka, mashine ya EFD ikishatoa risiti, taarifa zake zimeshakwenda TRA, nikikuandikia siku tatu hoteli inadaiwa kodi ya siku tatu. Ananuna, anasema hoteli ya jirani wanamfanyia. Nikimwangalia naona si mwizi, ni mtu ambaye ofisini kwake wamemwambia leta karatasi, na yeye anataka abaki na chochote.

Pili nina swali. Bei zetu ziko za aina nyingi. Kuna chumba peke yake, kuna chumba na chai ya asubuhi, kuna hafu bodi ambayo ni chumba, chai na mlo mmoja mkubwa, mara nyingi wa jioni, halafu kuna ful bodi yenye milo yote mitatu. Hapa Dar hoteli nyingi hata ndogo chai imo ndani ya bei, utake usitake. Juzi mgeni wetu kanionesha ujumbe wa ofisi yao: wamemkata hela ya kifungua kinywa kwa sababu risiti imeandika "pamoja na kifungua kinywa". Chai yenyewe ni andazi mbili na yai, na yeye aliondoka saa kumi na moja alfajiri kabla jiko halijawashwa. Hiyo ni haki?

Mhasibu wa Samora

Mapokezi Sinza, swali lako ni zuri na nimelichimba kidogo, maana wenzetu wamelijibu kwa njia mbili tofauti.

Marekani, kwa watumishi wa serikali kuu, perdiem imegawanywa mafungu mawili. Kwa mwaka wa fedha wa 2025, maeneo yasiyo na kiwango chake maalumu yalipangiwa dola 110 za kulala, kisha dola 68 za chakula na gharama ndogondogo. Hizo 68 nazo zimechanganuliwa: 16 asubuhi, 19 mchana, 28 jioni, na 5 za bakshishi kwa wabeba mizigo na wahudumu wa hoteli. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi unapata asilimia 75 ya fungu la chakula, yaani dola 51, kwa kuwa siku hizo hukuwa ugenini mchana kutwa.

Chai ambayo hoteli inampa kila mgeni bila kumtoza zaidi, kwao haikatwi. Inayokatwa ni ile ambayo serikali yenyewe imeilipia, kwa mfano milo iliyomo kwenye ada ya mkutano.

Ujerumani wamekaza zaidi. Siku nzima ya safari ndani ya nchi ni euro 28 zisizotozwa kodi, na mwajiri akikugharimia kifungua kinywa, asilimia 20 inatoka, yaani euro 5.60. Mchana ni asilimia 40, jioni asilimia 40. Ukigharimiwa milo yote mitatu hubaki na kitu. Ni kali, lakini mfanyakazi anajua kabla hajapanda treni.

Kwa mgeni wako wa saa kumi na moja alfajiri, mimi nasema asikatwe. Chai ambayo hukuinywa haikukuondolea njaa njiani, na hela ile ilitolewa kwa ajili ya njaa hiyo.

Mzee wa Bagamoyo

Wanangu, mmezungumza Kilatini, na mimi niseme kidogo kuhusu neno letu wenyewe.

Posho halikuzaliwa ofisini. Katika karne ya 19 wapagazi waliokuwa wakitoka pwani hapa kwenda Tabora na Ujiji walipewa ujira, na mbali na ujira walipewa posho, nacho ni chakula cha siku. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba cha nafaka, kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Vibaba vinne ni pishi, kwa hiyo mwenye pishi alijua ana siku nne. Pale ambapo nafaka haibebeki, walipewa kitambaa au shanga wakajinunulie vijijini. Ukivuka mpaka leo ukaingia Uganda ukaagiza posho, unaletewa ugali. Neno limebaki na maana yake ya tumboni.

Nalitaja hili kwa sababu ya dereva wako, binti yangu. Msafara ukikosa posho, wapagazi walitua mizigo. Wengine walitoroka usiku. Hakuna mkuu wa msafara mwenye akili aliyedhani kibaba ni hisani yake kwa mpagazi. Alijua mzigo hautembei wenyewe.

Na masurufu, kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya matumizi, na kwetu lilikuwa ni vitu vya njiani, chakula au fedha. Wazee walifungasha masurufu kabla ya kupanda jahazi.

Mhasibu wa Samora

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako mara tatu. Siku zote tunapima kibaba kwa ile methali ya haba na haba, sikuwahi kufikiri kwamba kibaba kilikuwa siku ya mtu. Asante sana.

Kijana wa Mauzo

Wakuu naomba kuuliza na mimi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, bosi wetu amebadilika. Zamani ukitumwa Dodoma ni basi, unalala, unapewa perdiem ya siku mbili. Sasa unapanda treni asubuhi, nauli ya kawaida 31,000, chini ya saa nne umefika, unafanya kikao, jioni unarudi. Anasema hujalala, huna perdiem. Natoka nyumbani Mbagala saa tisa usiku kuwahi stesheni, narudi saa sita usiku nyingine. Mchana nimekula kwa hela yangu. Hii imekaaje?

Mtumishi

Kijana, kwa upande wa serikali posho ya kujikimu ni ya mtu anayelala nje ya kituo chake cha kazi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zimeiweka kwenye msingi wa kulala. Viwango vya safari za ndani vilipandishwa mwaka 2022, kima cha juu kikatoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, cha chini kikatoka 80,000 hadi 100,000. Sekta binafsi kila mwajiri ana kiwango chake, kwa hiyo muulize kwa maandishi.

Niongeze la kodi maana wengi hawalijui. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haihesabu kama mapato ile posho inayofidia gharama ulizotumia kwa ajili ya kazi tu. Ndiyo maana perdiem ya safari ya kweli haikatwi kodi kama mshahara. Lakini mwajiri anayewaandikia watu "perdiem" kila mwezi hali wamekaa ofisini Dar hawajavuka hata Kibaha, huo ni mshahara uliobandikwa jina, na TRA wakikagua watauhesabu hivyo.

Mhasibu wa Samora

Kijana wa Mauzo, bosi wako ana haki kuhusu hela ya kitanda, hukukitumia. Kuhusu chakula nadhani anakosea. Ujerumani safari ya siku moja inayozidi saa nane nje ina euro 14, nusu ya siku nzima, hata kama usiku umelala kwako. Uingereza mamlaka yao ya kodi inapima kwa saa: ukiwa nje saa 5 mwajiri anaweza kukulipa hadi pauni 5 bila kodi, saa 10 pauni 10, saa 15 na saa mbili usiku ikukute bado uko safarini, pauni 25. Wewe unayetoka Mbagala saa tisa usiku na kurudi saa sita umemaliza saa 21. Treni imefupisha njia, tumbo limebaki lilelile. Mpelekee hoja hiyo kwa heshima, umwombe nusu siku.

Usukani Miaka 19

Dada Mhasibu, nimeusoma uzi huu toka juzi nikawa nanyamaza. Mimi ni dereva, mwaka wa kumi na tisa, si wa kampuni yenu.

Mmeongea vizuri kuhusu Wajerumani. Sasa nikwambieni kwa nini tunalala garini.

Kuna safari unapewa hela ukiwa umesharudi. Unaambiwa nenda tu, mhasibu yuko likizo. Unakwenda na elfu ishirini yako. Utalala wapi na elfu ishirini?

Kuna gesti hazina maegesho yenye mlinzi. Niliamka asubuhi Singida nikakuta taa mbili za nyuma hazipo. Nilikatwa mimi. Toka siku ile gari likilala nje na mimi nalala nje.

Na la tatu ndilo lenye ukweli wote. Napewa 70,000 kwa siku. Chumba cha maana 30,000, kula 15,000. Nikilala chumbani nabaki na 25,000. Nikilala kwenye kiti nabaki na 55,000. Safari ya siku nne hiyo ni 220,000, na mshahara wangu siwezi kuutaja hapa mbele za watu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Sare, viatu, begi, michango ya Januari, vyote vilitoka kwenye kiti cha gari. Yeye hajui. Ananiuliza baba mbona mgongo unakuuma, namwambia barabara mbaya.

Kwa hiyo mkisema dereva arudishe hela, fahamuni mnachomdai ni nini.

Mapokezi Sinza

Kaka umenifanya nilie kazini.

Mhasibu wa Samora

Kaka yangu, pole. Na mimi kwa upande wa wahasibu naomba radhi kwa ile "nenda tu, mhasibu yuko likizo", maana na mimi niliwahi kuisema.

Nilipofungua uzi nilikuwa nimeegemea kwamba dereva alifanya kosa na bosi alikosa utu, nikaona nimemaliza. Sasa naona tatizo lilianza kabla hata gari halijawashwa. Tulimpa mtu hela ya usingizi wake mkononi, huku tukijua mshahara haumtoshi, tukamwachia achague kati ya usingizi na sare za mtoto. Mzazi yeyote atachagua sare. Kisha tukawapakia watu nyuma yake.

Lakini kaka, nikuombe na wewe. Ile 30,000 ya chumba si ya kwako peke yako. Imo ya abiria wako, na ya huyo binti anayekungoja ufike. Mimi siwezi kukubali iendelee kuwa akiba ya nyumbani. Kama mshahara ni mdogo, tuudai kwa jina lake la mshahara.

Usukani Miaka 19

Nimekuelewa dada. Sibishi. Chalinze na mimi nimeshawahi kusinzia.

Kijana wa Mauzo

Mleta uzi, mrejesho tafadhali. Yule dereva wenu aliishia wapi?

Mhasibu wa Samora

Mrejesho, wakuu.

Jumatano nilimwomba bosi nusu saa. Nilimsomea maneno ya Usukani Miaka 19 kwenye simu yangu, bila kutaja yametoka wapi. Alinyamaza, akaomba nimrudie ile sehemu ya taa za nyuma. Hatukati kitu kwa dereva wetu, kwa sababu fomu aliyosaini iliandika perdiem na perdiem alilipwa. Limeandikwa na kusainiwa, liko kwenye jalada lake.

Fomu nimeifumua. Malazi tumeyatoa kabisa kwenye hela ya mkononi: kampuni inalipa chumba moja kwa moja hotelini, chumba chenye maegesho yenye mlinzi, na dereva analala hotelini palepale na maofisa. Chakula na gharama ndogondogo ni kiwango maalumu, kinatoka siku moja kabla ya safari, hakidaiwi risiti. Masurufu yana ukurasa wake peke yake, siku saba baada ya kurudi yawe yamerejeshwa. Nimewaambia pia wapige picha risiti palepale kaunta, maana karatasi ya EFD ikikaa siku mbili kwenye dashibodi juani maandishi yanafutika, unabaki na kipande cheupe.

Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo amekubali nusu ya fungu la chakula, kwa anayezidi saa kumi nje. Kijana wa Mauzo, hiyo unaweza kumwonesha bosi wako.

Dereva mwenyewe nilimwita nikamweleza. Alipoona hela ya mkononi imepungua hakufurahi, na hakunificha. Aliniuliza, "Sasa ile nyingine itatoka wapi?" Nimepeleka ombi la kuangalia upya mishahara ya madereva wetu watatu, nimeambatisha hesabu za safari zao za mwaka mzima. Halijajibiwa. La kukata kifungua kinywa nalo bado tunabishana, bosi amelipeleka kwenye kikao cha Jumatatu, na nitakwenda na mfano wa mgeni wa Mapokezi Sinza aliyeondoka kabla jiko halijawashwa.